Kampala kwa takisi na boda: pa kupandia, nauli na maneno ya konda

Kosa la kwanza la Mswahili jijini Kampala hutokea masikioni. Konda akisema lukumi, sikio lililozoea Kiswahili linasikia kumi, na mkono unatoa noti ya 10,000. Lukumi ni 1,000. Enkumi bbiri si kumi na mbili, ni 2,000. Enkumi ssatu ni 3,000. Bitaano nayo humponza mgeni: anasikia tano, anadhani ni 5,000, kumbe ni 500 tu. 5,000 yenyewe ni enkumi ttaano, 10,000 ni omutwalo, na nauli ya lukumi mu bitaano ni 1,500. Konda wengi watakurudishia chenji yako bila neno, lakini mtu wa boda akishaona kwamba hujui hesabu ya hapo, bei atakayokutajia kesho itakuwa nyingine. Jifunze namba hizi kabla ya kujifunza barabara.

Uzuri ni kwamba saa za Kiluganda na za Kiswahili ni zilezile. Ssaawa bbiri ez'oku makya ni saa mbili asubuhi, hakuna kutoa wala kujumlisha sita. Mtego uko kwenye tiketi za mabasi ya mbali, ambazo huandikwa kwa saa za Kizungu: mdomo wa karani unasema saa mbili, karatasi inasema 8:00. Fuata karatasi, kisha mwulize tena kwa mdomo mkubaliane.

Halafu majina ya magari. Kile ambacho Mkenya anakiita matatu na Mtanzania daladala, Kampala ni takisi: Toyota HiAce nyeupe yenye ukanda wa miraba ya buluu ubavuni, iliyoruhusiwa kubeba abiria 14. Ukimwambia mwenyeji akuitie teksi, wewe ukiwa na maana ya gari dogo la peke yako, atakuonyesha steji ya hayo mabasi madogo. Gari dogo la kukodi linaitwa special hire. Drone ni HiAce ya kisasa zaidi yenye paa lililoinuka, inayokimbilia miji ya mbali kama Masaka na Mbale. Watu wazima bado utawasikia wakisema kamunye, jina la mwewe, wakimaanisha takisi ileile, na aliyewahi kuona inavyochomoka kutoka upande wa barabara kunyakua abiria haulizi jina hilo limetoka wapi.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini sheria ni kitu kimoja na takisi ya Kawempe ni kitu kingine. Kwa miaka mingi wakazi wengi wa Buganda walikisikia Kiswahili kwa wanajeshi na polisi, na si mara zote kwa wema. Kwa hiyo usianze na Kiswahili cha amri. Anza na "Gyebale ko, ssebo", yaani pole na kazi bwana; mwanamke ni nyabo. Ukishasalimu hivyo, endelea na Kiswahili chako taratibu. Wengi wanakielewa kuliko wanavyokubali.

Sasa majina ya mahali, maana hapo ndipo wasomaji wa ramani wanapokwama. Kiluganda huandika ki na ky lakini hutamka karibu na chi na ch. Kireka ni Chireka mdomoni, Kibuye ni Chibuye, Kyambogo ni Chambogo, Kyaliwajjala ni Chaliwajjala. Mgeni akisema "Kiambogo" kwa herufi zilizonyooka, konda anamkodolea macho na gari linaondoka. Tena takisi haijui barabara wala namba ya nyumba, inajua steji. Anayekukaribisha kwake mwombe akupe vitu vitatu: jina la eneo, jina la steji ya kushukia, na alama iliyo mkabala na steji hiyo, iwe kituo cha mafuta, msikiti au soko. Mwombe akutumie kwa sauti, si kwa maandishi.

Mji wenyewe umejengwa kama gurudumu. Barabara kuu za Jinja, Entebbe, Masaka, Hoima, Bombo, Gayaza na Ggaba zinaingia katikati kama njiti za gurudumu la baiskeli, na takisi nyingi zinafuata njiti hizo: kutoka pembeni hadi paki za mjini, yaani vituo vikuu vya takisi, na kurudi. Ndiyo maana mtu wa Ntinda anayekwenda Makindye huonekana kulazimika kushuka mjini na kupanda gari la pili. Kuna njia za kukata. Barabara ya Northern Bypass, iliyofunguliwa mwaka 2009, ina kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega na inapita karibu na Kalerwe na Bwaise bila kugusa katikati. Safari yako ikiwa inatoka mashariki kwenda kaskazini au magharibi, uliza kwanza kama kuna gari linalopita huko. Mara nyingi jibu ni takisi moja na kipande kifupi cha boda, na umeokoa saa nzima ya foleni, ambayo Kampala wanaiita jaamu.

Paki kubwa za katikati ni Old Park na New Park, zote ziko bondeni chini ya Nakasero, hatua chache kutoka soko la Owino. Kwa desturi Old Park ilikuwa ya magari ya mashariki na Entebbe, na New Park ya magharibi na kaskazini, lakini desturi hiyo isikutie usingizi. Old Park ilifungwa mwaka 2020 ikatengenezwa upya, na steji zimehamishwa zaidi ya mara moja. Baadhi ya magari yako paki ya USAFI, mengine paki ya Namayiba, mengine yanapakia kando ya barabara. Kila unapotaka njia usiyoizoea, uliza: "Takisi z'e Ntinda ziri wa?" yaani takisi za Ntinda ziko wapi. Muulize muuza duka au mama wa ndizi, usimwulize mpiga debe. Mpiga debe analipwa kwa kila kichwa anachokiingiza garini, kwa hiyo gari lake ndilo litakalokuwa linakwenda kwenu, hata kama linakwenda kwingine.

Watu wanajadili sana wapande gari gani, lakini Kampala wanaosafiri kila siku wanajadili wapandie wapi. Gari ni lilelile. Mahali pa kupandia ndipo panapoamua kama utafika kwa nusu saa au kwa saa mbili.

Chukua saa tano asubuhi. Ndani ya paki takisi haiondoki mpaka ijae, na saa hizo abiria ni wachache. Unaweza kukaa nusu saa ukiuziwa soksi na maji kupitia dirishani, na ikijaa bado ina foleni ya kutoka langoni. Saa hizo tembea dakika kumi kutoka paki hadi steji ya kwanza kwenye barabara kuu unayoitaka. Magari yaliyoondoka na kiti kimoja au viwili wazi yatakuchukua hapo hapo, na mara nyingine nauli inapungua kwa 500 kwa sababu konda hana la kupoteza.

Jioni, kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku, mambo yanageuka. Magari yanajaa pakini kabla hayajatikisika, na anayesubiri barabarani anaona migongo tu. Aliye Lugogo au Nakawa na anakwenda Mukono hufanya vizuri kutembea au kupanda chochote kinachorudi kuelekea mjini, apande mwanzo wa safari. Asubuhi ni vivyo hivyo kwa upande wa pili. Anayeishi Banda na anataka kuwa mjini saa mbili, akisimama Banda saa moja atayaona magari ya Mukono na Bweyogerere yakipita yamejaa. Wenyeji hupanda takisi inayotoka mjini, wanakaa humo hadi inapogeuzia, na wanarudi nayo. Wanalipa nauli mara mbili, au moja na nusu wakijua kuongea. Wakati wa mvua ni ujanja unaolipa kila shilingi.

Kwa nini nauli inaruka jioni na mvua inaponyesha? Wengi husema ni tamaa. Tamaa ipo, lakini hesabu ipo pia. Dereva wengi wa takisi hawana gari. Wanampelekea mwenye gari kiasi walichokubaliana kila siku, wananunua mafuta kwa lita chache chache, na kinachobaki ndicho chao na konda. Foleni ikigeuza safari ya dakika 30 kuwa ya dakika 90, safari tatu zinakuwa moja. Tena jioni gari linatoka mjini limejaa na kurudi tupu, kwa hiyo abiria wa kwenda wanalipia pia kurudi. Ndiyo sababu ya kule kuingia kituo cha mafuta mkiwa nyote ndani, jambo linalokera kila mtu: ni mafuta ya safari hiyo, si ya siku.

Kama dira tu, kipande kifupi cha ndani ya mji ni kati ya 1,000 na 2,000, na kinapanda kadiri unavyoelekea pembezoni. Usitegemee kiwango chochote kibaki palepale siku mbili kabla ya Krismasi au siku shule za bweni zinapofunguliwa. Uliza nauli kabla mguu haujaingia: "Ssente mmeka okutuuka e Kireka?" yaani pesa ngapi kufika Kireka. Ukiuliza baada ya kukaa, umekwisha kukubali.

Kuhusu viti. Mlango wa takisi uko kushoto, na safu nyingi zina kiti cha kukunja kinachoziba njia. Anayekaa pembeni kabisa nyuma anawainua watu watatu anaposhuka. Anayekaa kwenye kiti cha kukunja anainuka kila mtu anaposhuka. Safari ndefu kaa dirishani upande wa dereva, safari fupi kaa karibu na mlango. Kiti cha katikati mbele, kati ya dereva na abiria mwingine, kina wenzo wa gia magotini pako, na hakuna aliyekisifu bado. Ukiwa dirishani kwenye foleni, simu iwe mfukoni. Wanaopora kwa mkono mmoja kupitia dirisha lililo wazi hawahitaji zaidi ya sekunde mbili, na gari limesimama, wao wanakimbia.

Ukitaka kushuka, usingoje kuiona steji. Sema mita mia kabla, kwa sauti: "Maaso awo!" yaani pale mbele, au "Siteegi awo, ssebo." Konda ataipitisha kwa dereva kwa maneno "waliwo avaamu", yuko anayeshuka. Anayenyamaza hadi gari lifike steji atashuka ijayo, na kwenye barabara ya Jinja steji ijayo inaweza kuwa kilomita nzima.

Malipo hukusanywa njiani, pesa zikipita mkono kwa mkono kutoka nyuma. Beba noti za 1,000 na 2,000 na sarafu za 500. Mwenye noti ya 20,000 asubuhi na mapema anamtia konda taabu na yeye mwenyewe zaidi, kwa sababu chenji, ambayo hapa inaitwa balansi, itacheleweshwa mpaka anaposhuka, na wakati mwingine konda anampa yeye na mwenzake noti moja ya 5,000 wakaigawane barabarani. Idai balansi kabla ya steji yako, si ukiwa umeshika mlango.

Kuna michezo mitatu ya kujua. Wa kwanza ni abiria bandia. Pakini gari linaonekana limebakiza viti viwili, unaingia haraka, kisha watu watano wanashuka mmoja mmoja kimya kimya. Walikuwa wamewekwa kulipamba. Utawatambua: hawana mzigo, wamekaa karibu na mlango, na wanamjua mpiga debe kwa jina. Wa pili ni kuuzwa. Gari lililosema Mukono linabaki na abiria wanne, linasimama Seeta au kabla, na konda anawahamishia wenzake wa gari jingine. Hapo usishuke mpaka umwone konda wako akimlipa konda mpya mbele ya macho yako, na kama bado hujalipa, mlipe yule wa pili tu. Dawa ya mapema ni kuuliza mlangoni kama gari linafika mwisho kabisa au linageuzia njiani.

Wa tatu si mchezo, ni wizi. Gari la binafsi au HiAce isiyo na ukanda wa buluu inasimama usiku mahali ambapo si steji, ndani wamo wanaume wawili au watatu waliokaa sehemu tofauti, na nauli ni ndogo kuliko ya kawaida. Acha lipite. Nauli ya chini saa nne usiku Kampala haijawahi kuwa bahati.

Boda boda jina lake ni la mpakani. Ilianza kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo viwili vya forodha huko Busia, "boda hadi boda". Leo ndiyo inayoufanya mji huu uende, na pia ndiyo inayojaza wodi za mifupa za hospitali ya Mulago. Kanuni ya kuitumia ni fupi: takisi kwa mwendo mrefu ulionyooka, boda kwa kilomita mbili au tatu za mwisho na kwa kuruka foleni. Anayetoka Mukono hadi katikati kwa boda kila siku anaokoa muda, lakini anaitumia shingo yake kama sarafu.

Pikipiki nyingi ni Bajaj Boxer na TVS. Bomba la moshi liko kulia na linakuwa moto wa kuchubua ngozi, kwa hiyo panda na ushuke upande wa kushoto, ambao pia ndio upande wa ukingo wa barabara kwa sababu Uganda tunaendesha kushoto. Kovu la duara kwenye shavu la mguu wa kulia ni alama ya mgeni aliyeshukia kulia. Mnyororo nao uko kushoto. Mwanamke aliyekaa upande, kama wengi wanavyokaa wakiwa wamevaa gomesi au kitenge, miguu yake na pindo la nguo viko karibu na mnyororo na njiti za gurudumu. Kusanya pindo zote mapajani na uzikalie. Mtandio mrefu uufunge kifuani. Ukiingia kwenye gurudumu unavuta shingo kabla dereva hajasikia kitu. Mwenye suruali akae kawaida, magoti ndani, mkono mmoja ukishika chuma cha nyuma ya kiti. Magoti yaliyochanua ndiyo yanayogonga vioo vya magari mnapopenya katikati ya foleni.

Sheria inataka helmeti kwa dereva na abiria, na abiria mmoja tu. Helmeti ya abiria, ikiwapo, iangalie kamba kabla ya kuivaa: nyingi zina kifungo kilichovunjika, na helmeti isiyofungwa inaruka kabla kichwa hakijagusa lami. Wanaosafiri kila siku hununua yao. Wasioweza hubeba kitambaa chepesi cha kuvaa ndani, kwa sababu jasho la watu ishirini liko humo.

Bei ya boda ni maongezi, na maongezi yanafanyika kabla ya kukaa. Taja steji na alama, si eneo peke yake. "Muyenga" ni mlima mzima, na mtu wa boda akifika chini yake atasema hapa ndipo tulipokubaliana. Akitaja bei, punguza theluthi na uone anavyocheka. Ukiwa na haraka usimwonyeshe. Njiani neno moja linatosha: "Mpola mpola, ssebo." Asiposikia mara mbili, mwambie asimame, mlipe kiasi cha hapo, na uchukue mwingine. Hakuna aibu.

Wenye programu za simu waliubadilisha mji. SafeBoda ilianza mwaka 2014 na helmeti zake za rangi ya machungwa, Uber ikaingia 2016, kisha wengine. Faida yake kubwa si bei, ni kwamba safari inaacha nyayo: namba ya pikipiki, jina, njia. Linganisha namba iliyo kwenye programu na ya pikipiki iliyokuja, kila mara, kwa sababu koti na helmeti ya rangi fulani mtu yeyote anaweza kuvaa. Dereva wengi hukupigia kwanza kuuliza unakwenda wapi na utalipaje. Akisikia mbali, au akisikia unalipa kwa mtandao na si taslimu, huenda akakuomba uifute safari. Usiifute wewe, mwache aifute mwenyewe. Laini ya Uganda unaihitaji kwa hili, na mgeni husajiliwa kwa pasipoti. Siku hizi utapanda pia pikipiki za umeme, tulivu kiasi kwamba watembea kwa miguu hawazisikii. Ukiwa na safari ndefu muulize dereva chaji iliyobaki, la sivyo mtazungukia kituo cha kubadilishia betri.

Mvua. Misimu mikubwa ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na mvua huanza kunyesha mara nyingi baada ya joto kali la mchana. Boda zote hukimbilia chini ya paa za vituo vya mafuta, takisi zinajaa, bei zinapanda kwa pamoja. Mfereji wa Nakivubo unaopita bondeni ukifurika, maeneo ya paki na Clock Tower yanakuwa ziwa, na Bwaise huwa imekwisha kuzama kabla. Usijaribu kuvuka maji yaliyofunika barabara, kwa miguu wala kwa boda, kwa sababu mitaro ya kando haina vifuniko na huioni. Kahawa moja mahali pakavu kwa saa moja ni nauli ya chini kuliko zote.

Mabasi makubwa ya mjini yamejaribiwa. Pioneer Easy Bus ilileta mabasi 100 mwaka 2012, na kwa muda watu walionja kupanda gari lenye nauli isiyobadilika. Hayakudumu. Kwa sasa usipange maisha yako kwa basi la mjini. Treni ya abiria kati ya Kampala na Namanve, iliyoanza tena Desemba 2015, imekatika na kurudi zaidi ya mara moja. Inapokuwepo ni ya asubuhi na jioni kwa ajili ya wafanyakazi, inapita Nakawa, Kireka na Namboole, na haina foleni. Kwa anayeishi mwendo wa miguu kutoka kituo, na kituo chake kinafanya kazi wiki hiyo, hakuna kinachoishinda. Pita kituoni siku moja kabla uangalie.

Entebbe ni safari inayostahili hesabu yake. Uwanja wa ndege uko kama kilomita 40 kutoka katikati. Takisi zinapita barabara ya zamani, Kibuye, Najjanankumbi, Zana, Kajjansi, Kisubi, Abayita Ababiri, na zinaishia Kitooro, ambako unachukua special hire au boda fupi. Kwa mzigo mmoja na mchana kweupe ni njia nzuri na ya bei ndogo. Barabara ya kasi, iliyofunguliwa 2018 kutoka Busega hadi Mpala ikiwa na tawi la Munyonyo, hulipiwa tozo tangu Januari 2022, 5,000 kwa gari dogo. Boda za kawaida haziruhusiwi. Unapokodi special hire kwenda uwanjani, kubaliana mapema tozo inalipwa na nani, maana ubishi huo hutokea langoni, foleni ikiwa nyuma yenu. Ndege ya jioni ndiyo ngumu kuliko ya alfajiri: ondoka mjini kabla ya saa tisa mchana, kwa sababu kuanzia saa kumi na moja kipande cha Kibuye hadi Zana peke yake kinaweza kumla mtu saa moja. Karibu na uwanja kuna kizuizi cha ukaguzi ambapo abiria hushuka na kutembea kupitia mashine. Pasipoti na simu ziwe mkononi, si ndani ya buti la gari.

Mwisho, mzigo uliosahauliwa. Takisi nyingi zina steji zake, na steji ina mwenyekiti anayewajua dereva wake kwa sura na kwa madeni. Ukiacha begi, usirudi ulikoshukia. Nenda steji gari lilikopakia au lilikokuwa linakwenda, umtafute mwenyekiti, umpe namba ya gari, saa uliyopanda na mahali uliposhukia. Kama ni nyaraka, wengine huzitangaza redioni katika ebirango, na huwa zinapatikana, kwa kitu kidogo cha shukrani kwa aliyeziokota. Bila namba ya gari mwenyekiti atakuonea huruma tu. HiAce nyeupe zenye ukanda wa buluu anazo mia, na nyingine mia zinaingia pakini wakati unamwelezea.